Mita Nne za Bafta

Shangazi alitoka kuswali, akanikuta sebuleni nimepiga magoti, mkasi mkononi, kitambaa cheupe kimetandazwa sakafu nzima. Akashika mlango.

"Nani?"

"Nani nini, shangazi?"

"Nani ametutoka?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba ile pamba nyeupe ya bei chee niliyoishangilia Kariakoo ilikuwa bafta. Kwetu Pwani bafta ndiyo sanda, na hakuna aliyewahi kuivaa akarudi dukani kulalamika.

Mimi nilikuwa nashona mfarishi wa viraka wa mtoto mchanga wa mdogo wangu. Wazo nililipata kwa bibi mmoja kwenye video, akieleza mifarishi ya Waamish wa Pennsylvania: vipande vya rangi moja moja, hakuna ua wala nukta. Nikasema, rahisi hiyo. Kumbe kitenge kina huruma, mshono ukienda kombo maua yanausitiri. Kitambaa cha rangi moja kinakuanika hadi kwa jirani. Yule bibi alikuwa ameanza, "Kabla hujakata, hakikisha kwanza…" bando likakata. Nikaona alichobakiza hakiwezi kuwa kikubwa.

Mtaa wa Uhuru muuzaji aliniwekea majora mawili mezani. Moja elfu tisa kwa mita, zito, laini. Jingine elfu tatu na mia tano. "Mama, zote pamba tupu," akaapa, na ili nisibaki na shaka akachomoa uzi kwenye kila jora, akauchoma kwa kiberiti katikati ya duka lililojaa vitambaa hadi darini. Roho yangu ikanitoka, ikarudi. Kweli, nyuzi zote mbili zilinuka karatasi inayoungua zikaacha majivu laini. Ingekuwa poliesta ingeyeyuka ikaacha kidonge kigumu. Basi kama zote ni pamba, hiyo elfu tano na mia tano ya juu ni ya nini? Ya kiyoyozi? Duka lenyewe halikuwa na hata feni.

Jibu lilikuwa limeniganda vidoleni. Nilipokifikicha kile cha bei chee, kiliniachia unga mweupe. Nikadhani ni vumbi la Kariakoo, nikajifuta. Kumbe ni wanga. Kitambaa ambacho nyuzi zake zimekaa mbalimbali hutiwa wanga hadi kisimame kama afande, kisha siku ya kwanza ya kufuliwa wanga huondoka na maji, unabaki na chandarua.

Nikafanya kama afanyavyo mtu mwenye tamaa kubwa na pochi ndogo, nikachanganya. Buluu nikachukua ya elfu tisa. Nyekundu na nyeupe, za bei chee.

Shangazi alipokwisha kunywa maji akatulia, aliishika bafta yangu, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Akaniona mimi upande wa pili. "Ungechukua marekani, mwanangu. Marekani ndiyo nguo." Na ana historia upande wake. Jina hilo lilitokana na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliokuwa wakileta Unguja pamba ya viwanda vya kwao katika karne ya 19, hata mwaka 1833 nchi yao ikatiliana mkataba wa biashara na Seyyid Said. Mmarekani alituletea kitambaa zamani kabla hajatuletea video. Lakini mimi nilikuwa nimeshakata.

Cherehani ililia wiki tatu. Usiku wa kuamkia arobaini ya mtoto nikaufua mfarishi, uende ukiwa safi. Maji yakageuka sharubati ya rozela. Nyekundu ilikuwa ikichuja, nyeupe ikipokea kwa mikono miwili. Jirani akasema nitie chumvi. Nikatia, nikapata sharubati ya chumvi.

Rangi ningeisamehe. Kilichoniua ni kwamba bafta ilirudi, na buluu ya elfu tisa haikurudi hata upana wa ukucha. Huyu anavuta, yule amekataa kusogea, na mimi nimeshawashona pamoja. Mfarishi ukajikunyata kama dagaa waliosahauliwa juani. Ningenunua vyote vya bei chee, vingerudi pamoja na watu wangesema ndio mtindo. Ningenunua vyote ghali, ningelala njaa, lakini mfarishi ungelala umenyooka.

Kwenye arobaini mtoto aliulalia fofofo. Wageni wakaniuliza rangi ile ya waridi nimeipata duka gani. Nikawaambia haiuzwi.

Jioni shangazi aliniomba mita nne za bafta zilizosalia. Akazifua, akazianika, zilipokauka akazipima tena kwa mkono wake, akazikunja na kuzitia sandukuni chini ya kanga zake.

"Imesharudi," akasema akifunga kufuli. "Sitaki ije ikanibanie huko."