Dele na Kipaza Sauti

*Jaws Corner, Mji Mkongwe, Zanzibar, baada ya alasiri. Dele la kahawa, la shaba, limekaa juu ya makaa. Pembeni, kikombe, na kipaza sauti cha kampeni ambacho mgombea wake amekisahau barazani.*

KIPAZA: Nyie! Nani mkubwa hapa?

DELE: Waalaikumu salamu.

KIPAZA: Sijatoa salamu.

DELE: Najua, mwanangu. Nimeitikia ile uliyoisahau.

KIPAZA: Sina muda huo. Mimi nikifungua mdomo nasikika mpaka Darajani. Wewe unasikika wapi?

KIKOMBE: Bi Dele husikika kwa pua. Watu hufuata wenyewe, hawaitwi.

DELE: Bwana wako alipita hapa jana. Wazee wamekaa na bao lao, yeye kawasimamia vichwani: “Lete kahawa!”

KIPAZA: Na akaletewa.

KIKOMBE: Mashapo! Niliyabeba mimi, mpaka sasa nayahisi mdomoni.

DELE: Kisha akaja kijana wa chama kingine. Kavua viatu, kawapa wazee mkono mmoja mmoja, kamuuliza Mzee wa pembeni hali ya goti lake. Kura hata hakuitaja. Kapata kikombe cha mwanzo, na kashata juu. Na Mzee yule chama kile hajakipigia kura tangu vyama vingi virudi.

KIPAZA: Kashata si kura.

DELE: Na kelele ni kura?

KIPAZA: Halafu msituseme vibaya, adabu tunayo. Mle kwenye Baraza la Wawakilishi kila mtu ni Mheshimiwa.

KIKOMBE: Nimesikia kwenye redio! “Mheshimiwa Spika, mheshimiwa huyu mwongo amemwita mheshimiwa mwenzake mjinga, na mimi, kwa heshima na taadhima, nathibitisha kwamba mheshimiwa huyo ni mjinga kweli, ila mheshimiwa aliyemwita mjinga ni mjinga zaidi, na mheshimiwa anayecheka kule nyuma…”

DELE: Basi, Kikombe, utamwagika.

KIPAZA: Siasa ni vita, Bi Dele. Ukiinama unapandwa.

DELE: Vita tumeviona. Mwaka 1995 Salmin Amour alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2, mpinzani wake Maalim Seif 49.8. Tofauti ya kijiko cha sukari! Kilichofuata ni watu kususiana maduka, kususiana hata maziko. Januari 2001 wakauawa watu Pemba. Ndugu zako vipaza hawakunyamaza siku moja katika miaka hiyo, niambie walileta nini. Ikaandikwa Miafaka ya kupatanisha vyama, wa 1999 na wa 2001. Saini zilikuwepo, salamu hazikuwepo. Halafu tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume akamkaribisha Maalim Seif Ikulu. Wakakaa, wakazungumza, na wewe hukualikwa. Julai 2010 wananchi wakaulizwa kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66.4 wakasema ndiyo.

KIPAZA: Mbona humalizi hadithi? Mwaka 2016, maziko ya Rais wa zamani Mzee Aboud Jumbe, Maalim huyo huyo alikataa mkono wa Rais Dk. Shein. Mbele ya watu!

*(Dele anatokota kidogo bila kusema.)*

DELE: Hapo umenishika. Mimi mwenyewe siku ile sikupenda. Lakini uchaguzi wa 2015 ulikuwa umefutwa, na mkono ule aliuona kama karatasi ya kukubali hilo, anayotakiwa kuitia saini. Akaukataa, hakutukana. Tofauti hiyo nyinyi hamuijui. Ndiyo maana Desemba 2020 aliweza kuapa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, chini ya Rais Dk. Mwinyi. Mlango alikuwa ameurudisha tu, hakuupigilia misumari.

KIPAZA: Kwa hiyo tujipendekeze?

DELE: Nani kasema? Anayelamba viatu hana adabu vilevile, anamdanganya mwenye viatu. Ninalolichukia ni hili lenu la siku hizi: anayetukana ndiye shujaa, anayesema samahani kanunuliwa. Mchana mnamtukana mtu na mama yake, jioni mko mlangoni kwa huyo mama mnaomba kura! Mnamwita mwenzenu msaliti, wiki ya pili mnamhitaji apitishe bajeti ya maji ya kijiji chenu, na akikataa mnasema ana kinyongo. Kinyongo mmempa nyinyi! Hamna hata akili ya muuza samaki, ambaye hata akikuona huna pesa hukuita “mteja wangu,” kwa kuwa kesho ipo.

KIKOMBE: Bi Dele, unaungua.

DELE: Acha niungue.

KIPAZA *(sauti inakwaruza)*: Bi… Bi Dele. Betri inakwisha. Ile soketi ya muuza kahawa…

DELE: Ehe?

KIPAZA: Shikamoo.

DELE: Marahaba, mwanangu.

KIPAZA: Naomba, tafadhali, unisemee nichomekwe kidogo.

*(Dele anapiga mluzi wa mvuke. Muuza kahawa anageuka, anakiona kipaza, anakifuta vumbi kwa kanga ya mkewe na kukichomeka. Taa nyekundu inawaka. Kisha ya kijani.)*

KIPAZA: NYIE! NANI MKUBWA HAPA?

*(Muuza kahawa anachomoa waya, anarudi kumimina.)*