Ombi la kibali cha bahasha: barua ya wazi kwa TCRA

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA),
Barabara ya Sam Nujoma,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA KUSAJILI BAHASHA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwanza naomba radhi kwa kukuletea barua isiyo na bahasha. Si utovu wa adabu, ni utii uliopitiliza. Oktoba 13, 2023 Mamlaka yako iliutangazia umma kwamba kila mtu na kila kampuni inayotumia VPN ijitambulishe kwenu kabla ya Oktoba 30 mwaka huo, na itaje anwani ya IP inayotumia. Atakayekiuka kanuni ana faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Sasa VPN ni nini kama si bahasha? Barua isiyo na bahasha ni postikadi: karani anaisoma, tarishi anaisoma, na mtoto aliyetumwa kuichukua posta anaisoma njia nzima. VPN ni bahasha ndani ya bahasha. Ya nje imeandikwa jina la kampuni ya VPN, na hiyo ndiyo pekee anayoiona aliyekuuzia bando. Kampuni ikiipokea inaifungua, inakuta ya ndani, inaipeleka inakotakiwa. Na kwa kuwa sheria imewakabidhi ninyi hao hao simu pamoja na posta, nimeona heri niombe mapema kibali cha bahasha za karatasi, zamu yake isije ikanikuta sijajiandaa.

Nisieleweke vibaya. Kazi mliyopewa ni nzito na hofu yenu haikuzuka hewani. Watu wanaibiwa kila siku kwa simu, wengine wanachafuliwa majina, na wapo watoto wanaowindwa na watu wazima waliojificha nyuma ya picha za katuni. Hakuna mwenye akili timamu atakayeitaka serikali ikae kimya. Hoja yangu ni nyembamba kuliko hapo: daftari la usajili humwandika anayetii, na anayetii siye mnayemtafuta. Hilo sikuliota. Lilishajaribiwa hapa hapa nchini kwa jasho la wananchi, na matokeo yake yanaingia kwenye simu zetu kila siku, mengine kabla hatujanywa chai.

Jaribio lenyewe ni usajili wa laini kwa alama za vidole. Ulianza Mei 1, 2019, mwisho wake ukawekwa Desemba 31, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, kisha laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Watu walipanga foleni za NIDA tangu alfajiri ili wasikatiwe mawasiliano. Ule ulikuwa usajili wa kweli: jina kamili, namba ya kitambulisho cha taifa, na kidole chenyewe. Kwa hesabu hiyo tapeli alipaswa kukosa pa kujificha. Mwaka 2025 taarifa zenu zilihesabu laini zaidi ya milioni 90, na bado ujumbe unaingia: ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Anaandika mwenye nyumba asiye na nyumba. Anaandika mwalimu wa shule asiyosoma mwanao. Anaandika mganga anayejua shida zako zote isipokuwa jina lako. Mamlaka imelazimika kutupa namba 15040 ya kumripoti mtu ambaye, kwa mujibu wa kumbukumbu zilizopo, kidole chake kimeshachukuliwa. Taarifa zenu za robo mwaka hutaja hata mikoa inakotoka namba hizo, Rukwa na Morogoro zikiwa mbele mara kwa mara. Tapeli amesajiliwa, amehesabiwa, ametajiwa hata mkoa. Kilichobaki ni kumpa cheti cha ushiriki.

Anayetaka kujua ilikuwaje asimame dakika kumi kwenye mwavuli wa wakala wa laini, pale stendi. Mteja anaweka kidole kwenye kifaa. Wakala anatazama simu yake, anatikisa kichwa: mtandao unasumbua, mama, weka tena. Anaweka. Haijasoma, futa jasho, weka tena. Kwa mama huyo ni usumbufu wa dakika mbili. Kwa wakala asiye mwaminifu, kila kubonyeza kunaweza kuzaa laini nyingine yenye jina la mama muuza mboga, ikauzwa kwa mtu asiyependa jina lake lijulikane. Ndiyo maana mkatuelekeza tubonyeze *106# tuhakiki namba zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyetu. Huduma ni nzuri na naishukuru. Ila tazama mzigo ulikoangukia: mwenye kidole ndiye anayehangaika kujisafisha, aliyekitumia kidole hicho yuko zake anaandika ujumbe mwingine. Daftari halina kosa la hesabu. Limejaa watu wema, na mhalifu amepanga chumba ndani ya jina la mmoja wao.

Ikiwa usajili wenye kidole umefika hapo, huu wa VPN usio na kidole utafika wapi? Tangazo lenu lilitaka anwani ya IP, na sharti hilo ndilo lililonipa moyo wa kuandika, maana kulitimiza kwa ukweli kunahitaji kipaji. Anwani ya IP ya simu si namba ya nyumba, ni siti ya daladala. Ukizima data na kuiwasha, unaweza kukuta umekalishwa nyingine. Tena siti hazitoshi: anwani za mfumo wa zamani, ambao bado unatumika sana, ni takribani bilioni 4.3 kwa dunia nzima, hivyo kampuni za simu huwapakata wateja wengi kwenye anwani moja kwa wakati mmoja. VPN ikishawashwa, inayoonekana huko nje si anwani ya mtumiaji bali ya seva iliyoko pengine Uholanzi, ambayo watu wengi wasiojuana wanaitumia saa hiyo hiyo. Kwa hiyo mwananchi mwema aliyejaza fomu yenu saa nne asubuhi anaweza kuwa ametoa taarifa za uongo ifikapo saa tano, na hajainuka kwenye kiti. Naomba ufafanuzi: arudi kujaza kila anapowasha data, au Mamlaka itafungua dirisha la usiku?

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: asiye na cha kuficha anaogopa nini? Wengine wataongeza kwamba mficha uchi hazai. Kweli hazai, lakini mzazi huvua mbele ya mkunga, havui sokoni. Benki inayounganisha matawi yake kwa VPN haifichi uhalifu, inaficha fedha za wateja. Mwandishi wa habari anayemlinda aliyemnong'oneza, daktari anayetuma majibu ya mgonjwa, mfanyabiashara anayefungua barua pepe kwa waifai ya hoteli, wote wana cha kuficha na wote wana haki ya kukificha. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Haikusema kila mtu mwenye kibali.

Jibu la pili ni zito, na sitalipitia kwa utani. Wapo wahalifu wa kweli, wakiwamo wanaosambaza picha za kudhalilisha watoto, na wanatumia VPN. Ndiyo, wanatumia. Wanatumia pia bodaboda, nyumba za kulala wageni na fedha taslimu. Swali ni kama fomu yenu inawagusa. Mtu aliyekwisha kukubali kuhatarisha miaka mingi ya jela hataogopa miezi 12 ya kutojaza fomu. Huyo hunaswa kwa upelelezi: kufuata fedha, kukamata kifaa, kushirikiana na polisi wa nchi nyingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 tayari imewapa polisi uwezo wa kupekua vifaa na kudai data za mtu wanayemshuku. Kumtafuta mmoja kwa kuwaandikisha wote ni sawa na kumtafuta mwizi wa kuku kwa kuwaandikisha wafugaji. Daftari litajaa, na kuku wataendelea kupungua.

Jibu la tatu linakuja kwa sauti ya upole: hatujapiga marufuku, tumeomba kujua tu. Upole huo ndio unaonitisha. Orodha ya nani anafunga mlango wake kwa kufuli gani ni hati anayoitamani kila mwizi, na haijalishi imeandikwa na mtu mwema. Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi kwenye mtandao wa X iliingiliwa na wadukuzi. Silitaji hilo kwa kejeli, maana linaweza kumpata yeyote. Lakini kama akaunti ya walinzi inavamiwa, orodha ya majina, anwani na makufuli ya wananchi itafichwa kwenye kabati lipi? Tena nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, miezi mitano kabla ya tangazo lenu. Msingi wake mmoja ni rahisi hata kwa mtoto wa darasa la saba: usichukue taarifa za mtu kuliko unazohitaji kwa kazi uliyoitaja. Anwani inayobadilika kila saa ni ya kazi gani?

Mwezi ule ule wa Mei 2025, X ikafungwa nchini. Baadaye Jerry Silaa, Waziri wa Mawasiliano wa wakati huo, akaeleza kwamba sababu ni maudhui ya ngono yanayoruhusiwa humo. Tuseme sababu ni njema. Tazama kilichofuata kwa mtu wa kawaida aliyekuwa akisoma humo matokeo ya mpira na matangazo ya ajira. Hakuhama. Alipakua VPN ya kwanza aliyoikuta, ya bure, bila kujua nani anaimiliki. Na hapa ndipo penye hatari ambayo tangazo lenu halikuigusa: aliyekupa bahasha ya bure anaweza kuwa ndiye anayesoma barua. Facebook iliinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013, ikawapa watu programu ya VPN ya bure iliyodai kuwalinda, huku ikikusanya habari za programu wanazotumia. Agosti 2018 programu hiyo ikaondolewa kwenye duka la Apple. Hivyo anayefunga mtandao mmoja kwa jina la usalama huwasukuma watu kwenye mikono ya wasiowajua, kisha anawadai faini kwa kusukumwa.

Majirani wametutangulia. Julai 1, 2018 Uganda iliweka kodi ya shilingi 200 za huko kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Waganda wakakimbilia VPN. Mwaka wa kwanza zilipatikana takribani shilingi bilioni 50, wakati matarajio yalikuwa bilioni 284. Mwaka 2021 kodi hiyo ikafutwa, ikaja ya asilimia 12 kwenye bando. Serikali ilikuwa na sheria, kampuni za simu na nia. Haikuwa na jibu kwa mwananchi anayejua kubonyeza kitufe kimoja.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, naomba mambo manne. Futeni sharti la kusajili VPN. Nguvu hiyo ihamishieni kwenye mwavuli wa wakala, ili kidole kimoja kisizae laini ambazo mwenyewe hazijui, na anayeibiwa jina asiachwe ajitetee peke yake. Ujumbe unaotumwa 15040 uwe na mrejesho: aliyeripoti aambiwe namba ile imefanywa nini. Na badala ya kuwatisha watu kuhusu bahasha, wafundisheni kutofautisha bahasha na chujio linalojiita bahasha.

Endapo hayo hayawezekani, basi nabaki na ombi langu la awali. Bahasha ni moja, ya kaki, ukubwa wa A4. Matumizi: kuhifadhi cheti cha kuzaliwa. Anwani: hubadilika kila ninapomwandikia mtu mwingine.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtumiaji wa bando la wiki.

Nakala: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa taarifa.
Mwenye "ile hela tuma kwenye namba hii": hakupelekewa nakala. Anwani yake mnayo.