Kidole cha Nyongeza

Pipeline, Embakasi, magorofa yamebanana hadi jua huingia kwa zamu. Huko chini, kwenye vibanda vya gemu, vijana hulipia kila mechi, na mwenye kibanda hahitaji kikokotoo kujua nani anadaiwa.

Laiti kampuni ya gemu ya Activision ingemwajiri mwenye kibanda huyo awahesabie vidole.

Desemba 2024, gemu yao Call of Duty: Black Ops 6 ilionyesha picha ya Santa aliyegeuzwa zombi. Wachezaji wakauchungulia mkono wake, wakaona vidole sita, wakashuku kazi ya akili mnemba. Gemu ilitoka kwa takriban dola 70, kwa hiyo pengine kidole hicho ni nyongeza, kama ile ya mama mboga.

Fundi anayechora ukuta wa kinyozi Pipeline akimpa mtu vidole sita, kazi yake itachekwa hadi mtaa wa Tassia, na malipo asahau.

Februari 2025 kampuni ilikiri kwenye duka la gemu la Steam, linalowataka watengenezaji watangaze matumizi ya akili mnemba, kwamba teknolojia hiyo huwasaidia kuunda baadhi ya vitu vya gemu. Ungamo lenyewe ni sentensi moja tu, na halikutaja hata picha moja.