Si Vifaranga, Si Kuku

Jumatatu. Baridi ya Iringa mwezi Julai haina huruma. Kuku wangu wanaokua wana manyoya ya kutosha kulala bila jiko la mkaa, lakini usiku wamelundikana kwenye kona moja, wa juu wakimkandamiza wa chini. Asubuhi mmoja amekufa, hana jeraha. Nimezungushia kadibodi kona zote za banda. Watu huhurumia vifaranga na husifu kuku watagao. Hawa wa katikati hawana mtetezi.

Jumanne. Wamejua kuruka. Wamepanda juu ya chombo cha maji, kimepinduka, maranda yamelowa. Unyevu ndio unaokuza vimelea vya kuharisha damu, kwa hiyo nimezoa maranda yote na kumwaga makavu. Chombo nimekipandisha kwenye matofali hadi usawa wa migongo yao.

Jumatano. Chanjo ya kideri, tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi 3. Tukiwa katikati ya kazi, mpwa wangu akaponyokwa na mmoja ambaye hajachanjwa, akajichanganya na waliokwisha kuchanjwa. Wote wekundu, wote sawa. Tumewachanja wote upya. Chanjo hii ya I-2 haimdhuru kuku akiipata mara mbili.

Alhamisi. Wamekula, wamelala.

Ijumaa. Nimewatoa uani wapate jua. Tetea wa jirani alipolia kwa hofu, wengi waliingia chini ya mkokoteni. Mmoja alisimama kutazama juu. Mwewe alimchukua mbele ya macho yangu. Nimeumia sana. Hawa wametotolewa kwa mashine. Hawakuwahi kuwa na mama wa kuwafundisha kukimbia. Nimefunga wavu juu ya uwanja.

Jumamosi. Majogoo wameanza kujaribu kuwika, sauti zinakatika njiani. Wawili wamepigana, undu wa mmoja umechanika. Kuku wakiona damu hawaachi kudonoa, hivyo nimemtenga na kumpaka dawa ya zambarau. Waliobaki nimewaning'inizia kabichi nzima wapate cha kudonoa. Wameiogopa, wamejibana ukutani hadi mchana, hata maji hawajanywa. Kisha tetea mdogo kuliko wote akaenda, akadonoa jani moja, akadonoa la pili. Jioni kimebaki kigutu. Kesho nitanunua mbili.