Sifa za Kigeugeu

Mwanasiasa akihama chama tunamwita kinyonga. Mchumba akibadili nia wiki ya harusi, kinyonga. Hata fundi cherehani aliyeahidi suti Alhamisi akaitoa mwezi uliofuata, naye kinyonga, safari hii kwa sababu ya mwendo. Mnyama mwenyewe hajawahi kuitwa ajitetee, na angeitwa angefika kesi imekwisha. Basi nimejitwika kazi hiyo mimi, bila malipo.

Nianze na hilo la kuhama, maana ndilo linalonikera zaidi. Mteja wangu hahami! Mamilioni ya miaka iliyopita msitu ulitanda eneo kubwa la Afrika Mashariki. Nchi ilipokauka, msitu ulirudi nyuma ukakimbilia milimani, ukasalia pale ambapo upepo wa Bahari ya Hindi hupandisha mawingu na ukungu: Taita, Pare, Usambara, Nguru, Uluguru, Udzungwa, hadi Mahenge. Chini pakawa nyika na jua kali. Ndege waliruka wakavuka. Kinyonga aliitazama nyika kwa jicho moja, kwa jicho la pili akatazama tawi alilokalia, akachagua tawi.

Sisi huambiana tembea uone. Yeye alikataa kutembea, akawa wengi. Ukoo ulioachwa mlima huu haukuonana tena na ukoo wa mlima ule. Kila mmoja ukazaa peke yake na kurithishana kasoro na urembo wake, mpaka wale waliokuwa ndugu wakawa spishi mbalimbali. Huyu ana pembe mbili bapa puani, yule ana moja, mwingine ameota kitu laini kama kipande cha jani. Usambara Mashariki na Usambara Magharibi zimetenganishwa na bonde la Lwengera tu, bonde ambalo mwenye bodaboda halihesabu kuwa safari. Wataalamu waliwaweka vinyonga wa pembe mbili wa pande zote mbili chini ya jina moja hadi 2008, walipokubali kwamba wa Magharibi ni wengine na wa Mashariki ni wengine. Jenasi yao ilikuwa imeshapewa jina 2006: Kinyongia. Mabingwa wa Kilatini na Kigiriki walikuja kuazima kwetu, tena neno lilelile tunalotukania wabunge.

Rangi je? Kweli, hubadilika. Lakini hubadilika ili kumtisha mpinzani, kumjibu jike, au kuota jua vizuri. Ni mtu anayesema waziwazi yaliyo moyoni. Usiku ndio kabisa: hupauka, akalala kwenye ncha ya kitawi, na mwenye tochi humwona tangu mbali. Mjanja gani huyo anayejificha kwa kanzu nyeupe?

Kuna na lile la uzembe. Wazulu husimulia kwamba alitumwa kwa wanadamu na habari ya kutokufa, akazubaa njiani, mjusi akamtangulia na habari ya kifo. Sawa. Lakini aliyeona inafaa kutuma ujumbe mzito vile kwa miguu ya kinyonga, mbona haulizwi?

Tena uzembe wake uko miguuni tu. Usambara kuna kinyonga mdogo wa kukaa juu ya kidole gumba, Rhampholeon spinosus. Alipopimwa maabara, matokeo yakachapishwa 2016, ulimi wake ulionekana kuchomoka kwa mchapuko mara 264 ya ule wa jiwe linaloanguka, ukafika mara mbili na nusu ya urefu wa mwili. Wazito wa miguu na wepesi wa ulimi tunao wengi mitaani, ila huyu ulimi wake humletea chakula wala haumponzi kichwa.

Na kwa unyenyekevu nani amfikie? Kinyonga wa Magombera, bonde la Kilombero, hakwenda kujitangaza. Mtafiti alimshtua nyoka aliyekuwa akila, nyoka akatema alichokuwa nacho mdomoni, na kilichotemwa kikawa spishi mpya, ikaandikwa rasmi 2009. Marehemu hakudai hata posho.

Upande wa mashtaka utaleta habari za Vienna, nazijua. Januari 2021 ilitangazwa kwamba uwanja wa ndege wa huko alikuwa amenaswa msafiri mwenye vinyonga 74 wa Usambara, wamefichwa ndani ya soksi na makopo matupu ya aiskrimu. Watatu walikufa, waliobaki wakapelekwa bustani ya wanyama ya Schönbrunn. Hiyo ndiyo safari yao ndefu kuliko zote tangu msitu upande mlimani. Naomba kumbukumbu za mahakama zionyeshe kwamba hata siku hiyo, mheshimiwa hakimu, mteja wangu hakuhama. Alifungashwa.