Chai ya Tangawizi

Chai ilikuwa ya maziwa na tangawizi, sukari imekolea. Niliimwaga mwenyewe, Jumamosi usiku, juu ya laptopu kuukuu ambamo mke wangu, katibu wa kikoba, hutunza hesabu za wenzake. Nikaipangusa, nikaifukia kwenye kilo mbili za mchele wa Kyela, nikaenda kulala. Betri sikuichomoa.

Hapo ndipo nilipoiua. Mchele hauna ubavu wa kuvuta chai iliyokwisha kupenya ndani, na umeme wa betri haulali wote hata mashine ikizimwa. Ukikutana na unyevu, hula shaba. Jumapili iliwaka, tukapongezana. Jumanne herufi zikaanza kufa. Nilipoifungua nikakuta kutu ya kijani pembeni mwa soketi ya kibodi, na njia mbili za shaba, nyembamba kama unywele, zimekatika. Mbili tu! Lakini vitufe hupangwa kama wavu, njia moja ikibeba kadhaa, hivyo msiba ulikuwa wa ukoo.

“Si umpelekee fundi Kariakoo?”

“Kazi ya nusu saa hii, mama.”

Nikaanza kukopa. Earphoni za binti yetu zilitoa waya. Miwani ya mama mkwe, aliyekuja kutoka Moshi kwa ajili ya harusi, ikawa kioo changu cha kukuzia. Kwa wembe nikakwangua rangi ya bodi taratibu, mpaka shaba ikang'aa. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi. Kidole changu ni shahidi. Jaribio la kwanza nilibandua kipande cha shaba kilichokuwa kizima. La pili, Luku iliisha, waya ukining'inia upande mmoja.

Gizani sauti ikatoka kwenye kochi: “Mwanangu, hayo macho yangu utanirudishia lini?”

Umeme uliporudi, saa sita usiku, multimita ikalia pii: njia moja imeungana. Kisha pii ya pili. Nusura nimwamshe jirani.

Waya ukishaungwa hufunikwa, usije ukagusana na mwenzake. Mafundi wana dawa yao ya kijani; mimi nilikuwa na rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, aliyoiweka kwa harusi ya mdogo wake Jumamosi inayofuata. Nilihitaji matone mawili. Chupa ikaniponyoka, na yaliyobaki yakanywewa na kitambaa cha meza.

Asubuhi laptopu iliwaka. Mke wangu akaketi, akaanza kuandika muhtasari, akasita. Akanigeukia polepole.

“Baba watoto, ‘Mkutona wo Jonuori’ ndiyo nini?”

Nilikuwa nimezipishanisha zile nyaya. Kuzirudisha kulitaka kwanza dawa ya kufutia rangi ya kucha. Ilikuwapo, tena chupa nzima, ndani ya pochi yake.

Sikuwa na uso wa kuiomba.