Mkeka wa Miezi Tisa

Shemeji yangu amebeti. Si mkeka wa Jumamosi, ule unaochanika usiku uleule, mtu akanuna kidogo, akalala. Huu ni wa bingwa wa Ligi Kuu ya Uingereza: hela imetoka Agosti, jibu ni Mei. Ameweka shilingi 10,000 kwa Arsenal, odi 3.50, na sasa nyumba nzima tunaulea mkeka huo kama mimba. Saka wa Arsenal akichechemea, chakula kinapoa mezani. Arsenal wasipocheza ndiyo balaa zaidi, maana lazima tukae tuwaombee Manchester City mabaya. Tamthilia ya mke wangu hatujui tena imefikia wapi.

Nikamkalisha chini. "Shemeji, chukua 100, gawanya kwa 3.50." Ikaja karibu 29. Yaani kwa bei hiyo, Arsenal wana nafasi 29 katika 100. Sasa fanya hivyo kwa timu zote 20, ujumlishe: inapita 100. Bingwa ni mmoja, hicho kilichozidi ni cha nani? Ni cha mwenye kampuni ya kubeti, na kwenye mikeka ya msimu mzima huwa kinene kuliko kwenye mechi moja. Tena hela imelala miezi yote hiyo bila riba. Ingekuwa kwenye kikoba, angalau ingekopwa ikarudi na kitu.

"Na Leicester je?" Jibu la wanaobeti wote ni hilo. Kweli, msimu wa 2015/16 Leicester City walibeba kombe kwa odi za 5000 kwa 1. Lakini wapo walioiuzia kampuni mkeka kabla ya mwisho kwa woga, hao hawatajwi. Wala shemeji hataki kusikia habari za 2022/23, Arsenal walipokaa kileleni siku 248, kombe likaenda City.

Desemba simu ikamletea ofa: uza mkeka sasa, chukua 14,000. Nikasema chukua, shemeji, faida ni faida. Akaniuliza tangu lini nimekuwa shabiki wa City.

Presha tunapanda sisi. Kampuni haina wasiwasi: Mei itawalipa waliobeti timu moja, na hela za waliobeti timu 19 itabaki nazo.